Chai ya Tangawizi Juu ya Taa

Gari letu la kwanza hapa Brussels lilikuwa na taa za aibu. Mwanga wake ulikuwa wa manjano na dhaifu, na kioo cha taa ya kulia kilikuwa na ufa niliouziba kwa gundi. Watu wa jengo letu pale Evere walilicheka. Lakini taa zile zilikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini mpaka nilipoikosa: zilikuwa za moto. Asubuhi ya theluji nilikuwa naziwasha, naacha injini ingurume, napanda ghorofani kumalizia kuvaa, na nikishuka nakuta kioo cha dereva bado cheupe lakini taa zimejisafisha zenyewe, maji yanadondoka kwenye bampa. Nililiendesha gari lile miaka tisa, nikiwapeleka wanawake wenzangu wa usafi kwenye minara ya ofisi kando ya kituo cha treni cha Gare du Nord. Sikumbuki hata siku moja niliyoinama kupangusa taa.

Kwa hiyo nilipoanza kumfundisha mdogo wangu kuendesha, nilimfundisha hivyo hivyo.

"Kioo unakwangua, mataa unaacha," nilimwambia. "Mataa inajisafisha."

Hapa Ubelgiji mtu anaweza kujifunza na ndugu yake badala ya shule ya udereva, mradi huyo ndugu awe na leseni ya miaka mingi. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na vitu vichache vya kumfundisha mtu. Shule niliiacha kabla ya kumaliza, na vitabu vyake vya chuo vilinishinda tangu kurasa za mwanzo, lakini usukani niliujua. Nikaona hapa ndipo nitakapompa kitu changu mwenyewe.

Lile gari la zamani lilikufa kiangazi kimoja, karibu na mwisho wa miaka ile ya elfu mbili na kumi. Nikanunua lingine, la mkono wa pili lakini zuri, kwa mtu aliyekuwa anahama. Taa zake zilikuwa za LED. Usiku wa kwanza niliziwasha mbele ya jengo, ukuta wa upande wa pili ukawa mweupe kama karatasi, na jirani yetu mmoja akatoka kwenye veranda yake ya ghorofa ya kwanza na fulana, akajikinga macho.

"Ee mama! Unaleta jua ya kwetu Likasi hapa Evere?"

Huyo tulimwita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa fundi wa magari wa zamani kutoka Kolwezi, mzee mwenye viganja kama mbao, na alimjua mama yetu. Alishuka, akalizunguka gari, akagonga kioo cha taa kwa ukucha.

"Ni ya muzuri," akasema. "Lakini hii mataa haina roho ya moto. Utaona."

Nilidhani ni wivu. Yeye alikuwa anatembea kwa basi.

Lazima nieleze jambo moja kabla sijafika kwenye ile asubuhi, maana bila hilo mtu atadhani kosa lilikuwa la taa peke yake.

Tulikuwa watatu. Baba alifia Lubumbashi. Mama akatuleta hapa, na miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, naye akafa. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane wiki chache tu kabla ya mazishi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na sita, dada yetu wa katikati kumi na mbili. Kila mwezi alikuja mwanamke mmoja wa ustawi wa jamii kukaa mezani kwetu na kuuliza maswali, ili aone kama naweza kuwatunza au kama wagawanywe, mmoja huku mwingine kule. Aliwauliza watoto walikula nini, walilala saa ngapi, nani anawafua nguo. Mara ya kwanza kila mmoja alijibu lake. Mdogo wangu alisema tulikula mkate tu, na ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya siku ile tu. Nilimwona yule mwanamke akiandika.

Alipoondoka nikawakalisha kitandani. Nikawaambia: kuanzia leo nyumba hii ina sauti moja. Mtu akiuliza, mnaniangalia mimi. Mimi ndiye nitakayejibu. Nikisema jambo, tunalifanya kwanza, maswali baadaye. Walikubali. Tuliishi hivyo, na hakuna aliyetugawa. Baadaye yule mwanamke akaacha kuja. Dada yetu akaolewa Liège. Lakini sheria ile sikuifuta. Hata sikukumbuka kwamba ilikuwa sheria. Ilikuwa ndivyo tulivyo.

Sasa, majira yale ya baridi, mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na moja na alikuwa amepata kazi. Au tuseme alikuwa nusu ameipata. Kampuni moja ya kusambaza dawa kwenye maduka ya dawa ilimwonyesha gari dogo jeupe kwenye yadi na kumwambia: ukija Jumatatu na leseni, lile ni lako, usipokuja nayo, tuna wengine. Alikuwa ameshaanguka mtihani mara moja, kwenye kuegesha. Mtihani wa pili ulikuwa Alhamisi. Kati ya Alhamisi na Jumatatu hapakuwa na nafasi nyingine. Jambo lote lilikuwa hilo: Alhamisi apite, au gari jeupe liende kwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa miezi minane bila kazi, akipanga viatu vyake mlangoni kila asubuhi kana kwamba ana pa kwenda, na mimi nilichoka kuviona viatu vile.

Jumatano jioni theluji ilianguka nzito na ya maji. Usiku baridi ikaikamata. Alhamisi tulishuka saa moja kasoro robo, bado giza, na gari lilikuwa donge moja jeupe. Niliwasha injini, nikawasha taa, nikamwambia akwangue kioo cha mbele. Akakwangua. Kisha akazunguka mbele na kile kipande cha plastiki mkononi, akainama kwenye taa ya kushoto.

"Acha," nikasema.

"Yaya, kwa ile kitabu ya gari banasema..." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Weye njo utanifundisha gari leo?"

Akasimama wima. Akarudisha kikwangulio kwenye mfuko wa mlango, akaingia, akafunga mkanda. Mimi nikapangusa ule mlima wa theluji juu ya boneti kwa mkono, na taa nikaziacha zijisafishe.

Hazikujisafisha. Nililitambua hilo kwenye barabara kubwa ya kuzunguka jiji. Mbele yetu kulikuwa na lori lililorusha tope la theluji na chumvi, na kila lilichorusha kiliganda pale kilipopiga. Waipa zilihangaika na kioo. Mwanga wetu, ule wa kumtoa tonton verandani, ulizidi kupungua, kama mtu anayevuta pazia taratibu. Nilidhani ni ukungu. Nikamwambia mdogo wangu awashe taa kali. Akawasha. Hakuna kilichobadilika. Mbele yetu kulikuwa na doa la kijivu na taa nyekundu za lori.

"Sioni muzuri, Yaya."

"Fuata lori."

"Lori inaweza kufunga breki."

"Basi nawe utafunga. Fuata."

Alishika usukani kama anayening'inia. Nilikuwa na hasira na lori, na theluji, na yule aliyeniuzia gari huku akitabasamu. Nilihesabu dakika. Kituo cha mitihani kilikuwa upande wa pili wa jiji, na tuliingia yadini zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Nikashuka, nikaenda mbele. Taa zote mbili zilikuwa zimezibwa na ganda la kijivu, nene kama kidole. Nyuma ya ganda mwanga uliwaka vizuri, ukionekana kama mshumaa ndani ya yai. Nikaweka kiganja. Baridi kabisa. Gari limetembea zaidi ya nusu saa, taa zimewaka njia nzima, na kioo ni baridi kama sahani ya friji. Sikuelewa. Nilijiambia bado hazijapata moto.

Mdogo wangu akaja na kikwangulio tena. Nikamwambia akirudishe, taa ile ni plastiki laini, ataikwaruza, na taa iliyokwaruzwa haipiti ukaguzi. Hilo nililisikia mahali fulani. Nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi begani, niliyoipika alfajiri ili tunywe tukimaliza, tufurahi. Nikaifungua. Nikamimina nusu juu ya taa ya kulia na nusu juu ya taa ya kushoto.

Ilikuwa kama muujiza. Ganda lililainika, likateleza, likaanguka kwenye theluji na mvuke. Mwanga mweupe ukaruka hadi ukutani. Nikamtazama mdogo wangu kwa jicho la umeona? Akaenda kurudisha kikwangulio kwenye mfuko wa mlango. Tukaingia garini kusubiri, kwa sababu upepo ulikuwa unakata masikio.

Mtahini alichelewa dakika kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani na faili chini ya kwapa. Mwongozaji, yaani mimi, anakaa kiti cha nyuma wakati wa mtihani na hana ruhusa ya kusema chochote. Niliambiwa mlangoni, nikatia sahihi, nikakaa nyuma. Lakini kabla ya kuondoka kuna maswali ya nje: tairi, taa, mafuta. Wote tukashuka.

"Washa taa za mbele," akamwambia mdogo wangu kwa Kifaransa.

Zilikuwa zimewaka tayari. Akazitazama. Akainama. Nami nikainama nyuma yake. Ile chai ilikuwa imetiririka, ikasimama, ikaganda. Juu ya kila taa kulikuwa na ngozi ya barafu ya kahawia, yenye vipande vya tangawizi ndani yake, na upepo ulikuwa umeleta theluji mpya na kuipachika juu ya ile sukari. Mwanga uliotoka ulikuwa wa rangi ya mkojo.

Akakwangua kwa ukucha, akanusa kidole.

"Hii ni nini?"

Mdogo wangu akainama kuitazama ile barafu.

"Haidhuru," akasema mtahini, na sauti yake haikuwa mbaya. "Nikuulize tu. Taa za aina hii, wakati wa theluji, dereva anafanya nini kabla ya kuondoka?"

Lilikuwa swali jepesi. Nadhani alimpa mlango. Angejibu, angepewa dakika mbili akwangue, wangeondoka. Nilimwona mdogo wangu akifungua kinywa. Kisha akakifunga, akageuza shingo, akaniangalia mimi.

Alikuwa na miaka ishirini na moja na ndevu. Aliniangalia kama vile siku zile mezani, miguu yake ikiwa bado haifiki chini, yule mwanamke wa ustawi wa jamii akiwa na kalamu mkononi.

Nami nikajibu. Sikufikiri. Kinywa changu kilijua kazi yake.

"Zinajiyeyusha zenyewe, madame. Zinahitaji muda tu."

Akanigeukia taratibu. Akaniuliza kama nilisoma karatasi niliyotia sahihi. Kisha akaandika kitu, akafunga faili, akasema kwa upole unaoudhi kuliko matusi kwamba mtihani umekwisha: mwongozaji amejibu badala ya mtahiniwa, na gari kwa hali ile halitoki yadini. Akatutakia siku njema. Nilijaribu kumfuata mpaka mlangoni, nikamwambia kuhusu Jumatatu, kuhusu gari jeupe, kuhusu dawa za wagonjwa. Alinisikiliza. Akasema anasikitika. Mlango ukajifunga.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, anakwangua taa. Ilimchukua dakika tatu kwa zote mbili. Nilizihesabu. Hakukwaruza chochote.

Kurudi niliendesha mimi. Nilisimamisha gari mara mbili, akashuka mara mbili, akakwangua, akarudi. Hakuomba ruhusa.

Tonton alikuwa anamwaga chumvi mbele ya mlango wa jengo tulipofika. Alisoma nyuso zetu. Kisha akasogea kwenye taa, akaona mabaki ya kahawia pembeni.

"Ni nini hii?"

"Chai," nikasema.

"Chai! Kwa mataa!" Akaacha ndoo. "Na sukari?"

"Vijiko vitatu."

"Alors, ulipika bonbon, pipi kabisa, mama. Muliuza ngapi?"

Nilitaka kumrushia ile ndoo. Aliona, akaacha kucheka. Akaniambia nifungue boneti, niliyoifungua kwa nguvu mno, na akanishika mkono kama mtoto.

"Weka hapa nyuma. Nyuma ya taa. Unasikia nini?"

Kulikuwa na mbavu za chuma nyuma ya taa, kama za radieta ndogo. Zilichoma.

"Moto."

"Sasa weka mbele. Kwa kioo."

"Baridi."

"Bon. Njo vile. Ile mataa ya zamani ilikuwa jiko. Ilitoa moto mbele, mwanga ilikuwa kidogo tu. Hii inatoa mwanga mbele, na ule moto kidogo iko nao inaurudisha nyuma, kwa injini. Kioo haipati kitu. Hata uwashe mpaka Pasaka, haitayeyusha theluji. Ni mukono tu. Unapangusa kabla, unasimama, unapangusa tena. Mi nilikuambia haina roho ya moto."

"Ungesema vizuri!"

"Nilisema. Uliniangalia kama muntu anaomba lifti."

Juu, nyumbani, mdogo wangu alikuwa amekaa na koti lake. Kitabu cha gari kilikuwa mezani mbele yake. Alikuwa amekikunja ukurasa, si leo. Mkunjo ulikuwa wa zamani, umelainika.

"Ulijua," nikasema.

"Nilisoma tangu mwezi wa kumi. Iko hapa. Banasema theluji inabakia, dereva apanguse."

"Na hukusema?"

"Nilianza kusema."

"Kule kwa yule madame! Alikuuliza weye! Ju ya nini ukaniangalia?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakuwa ananijibu kwa hasira, alikuwa anatafuta.

"Sijui, Yaya. Siye tunafanyaka vile. Muntu akiuliza, tunaangalia weye."

Niliingia jikoni. Nikaosha ile chupa ya chai mara tatu. Nilikuwa na hasira ambayo haikupata mahali pa kukaa. Taa haikuwa na kosa; ilifanya kilichoandikwa kwenye kitabu. Yule mtahini naye alikuwa na haki. Mdogo wangu alitii, na utii huo niliupanda mimi kwa mikono yangu, nikaumwagilia miaka kumi na mitano, na kila mtu wa Evere alinisifu jinsi nilivyowalea watoto wenye adabu.

Jumatatu gari jeupe lilikwenda kwa mtu mwingine. Walimpigia simu mchana, kwa heshima.

Mtihani uliofuata ulikuwa mwezi wa pili. Kwanza ilibidi aende saa kadhaa na mwalimu wa shule ya udereva, kwa kuwa alianguka mara mbili, na jambo hilo liliniuma kama kunyang'anywa kiti. Asubuhi yenyewe haikuwa na theluji mpya, ila ukungu ulioganda, ule unaoota sindano nyeupe juu ya kila kitu. Tulitoka saa kumi na mbili. Sikusema kuhusu taa. Nilisimama kando na mikono mifukoni, nikamwangalia akipangusa ya kushoto, ya kulia, zile za nyuma, namba ya gari. Njiani alisimama kwenye kituo cha mafuta, akashuka, akapangusa tena, ingawa mimi niliona hapakuwa na haja. Nilifungua kinywa. Nikakifunga.

Yadini aliniambia, "Yaya, kaa ndani. Weka shali kwa kinywa."

Alikuwa anatania. Niliiweka kweli. Mtahini safari hii alikuwa mwanaume. Niliwasikia nje kupitia kioo kilichoshushwa kidogo, yeye akiuliza, mdogo wangu akijibu kwa Kifaransa chake cha haraka ambacho mimi sitakipata kamwe. Mara moja, kwenye swali la tairi, alisita. Nilijua jibu. Nilijua jibu na nikauma ile shali mpaka nikaonja sufu. Hakunigeukia. Akajibu, akakosea kidogo, akajirekebisha.

Alipita. Kazi ya dawa ilikuwa imeshajaa. Alikaa miezi mingine miwili akipanga viatu mlangoni kabla ya kupata nyingine, ya kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha. Anaondoka kabla yangu. Asubuhi za theluji anapita karibu na gari langu na brashi yake mkononi, na ananipigia simu nikiwa bado navaa.

"Yaya, ulipangusa mataa?"

"Najua mimi."

"Sikuuliza kama unajua. Ulipangusa?"

Inaniudhi mpaka leo. Nashuka na kikwangulio, nainama mbele ya gari, magoti yakilalamika, na nakwangua.